Kurisiti au Kwenda Chuo: Mwongozo kwa Kijana wa Kigoma Anayetaka Kusomea Biashara

Matokeo ya kidato cha nne hutoka Januari, ya kidato cha sita hutoka Julai. Siku hiyo simu hazitulii kuanzia Mwanga na Gungu mpaka Ujiji, na vibanda vya steshenari hujaa watu wanaotaka kuchapishiwa ukurasa mmoja tu. Ikifika jioni, katika nyumba nyingi swali ni lile lile: huyu mtoto arisiti, au atafutiwe chuo? Kila mtu ana jibu. Mjomba anasema arisiti, mbona fulani alirisiti akapata. Jirani anasema mpelekeni chuo, atapoteza muda bure. Mama anapiga hesabu za fedha kimyakimya. Mwenye matokeo yake amejifungia chumbani, wala haulizwi.

Mwongozo huu ni wa huyo aliyejifungia chumbani, hasa ikiwa nia yake ni kusomea biashara: uhasibu, ununuzi na ugavi, masoko, benki au utawala wa biashara. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Usirisiti kwa sababu divisheni inakutia aibu. Risiti pale tu ambapo kuna alama moja au mbili, unazoweza kuzitaja kwa jina la somo, zinazokuzuia kwenda unakotaka, na huna njia nyingine ya kufika huko kwa muda ule ule.

Ninasisitiza muda kwa sababu ndio gharama kubwa kuliko zote. Wanaoomba shule za biashara za Marekani na Ulaya kwa mtihani wa GMAT wanaruhusiwa kuurudia baada ya siku 16, na wanaweza kuufanya hadi mara tano ndani ya miezi 12. Kwao kurudia ni jambo la wiki chache na ada. Mitihani ya Baraza la Mitihani, NECTA, huja mara moja kwa mwaka: kidato cha nne Novemba, kidato cha sita Mei. Ukikosa hapo unasubiri mwaka mwingine. Kwa hiyo unapoamua kurisiti, unaamua mwaka mzima wa maisha yako utatumikaje, na uamuzi wa namna hiyo haufai kufanywa jioni ile ile ya matokeo.

Anza kwa kusoma matokeo yako vizuri

Chukua kalamu na karatasi. Tuchukue mfano wa mtahiniwa wa kidato cha nne ambaye mstari wake unasomeka hivi: Uraia D, Historia F, Jiografia D, Kiswahili C, Kiingereza D, Baiolojia D, Hisabati F. Kwa pointi za kidato cha nne, A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Ukijumlisha unapata 29, yaani divisheni ya nne, maana divisheni hiyo huanzia pointi 26 hadi 33. Nyumbani wataliona hilo neno "nne" na kusema mtoto amefeli.

Chuo hakisomi hivyo. Cheti cha awali cha biashara, ile astashahada ya ngazi ya nne inayosimamiwa na baraza la elimu ya ufundi, NACTVET, kwa kawaida kinadai ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, kuanzia D, yasiyo ya dini. Huyu ana matano: Uraia, Jiografia, Kiswahili, Kiingereza na Baiolojia. Mlango wa chuo uko wazi kwake leo. Kilichofungwa ni kidato cha tano, kinachotaka C au zaidi katika masomo matatu, naye anayo moja tu.

Sasa badili mstari huo kidogo: Baiolojia na Jiografia ziwe F. Pointi zinakuwa 31, divisheni bado ni ile ile ya nne, lakini masomo aliyofaulu yamebaki matatu. Huyu wa pili anapaswa kurisiti, na simwambii mara mbili. Ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne utadaiwa chuoni, na utadaiwa tena siku anayotaka shahada hata akiwa na stashahada nzuri mkononi. Vipo vyuo vinavyompokea mwenye cheti cha ufundi stadi cha ngazi ya tatu akiwa na masomo pungufu ya manne, na mwenye mwelekeo wa ufundi aende VETA aulizie njia hiyo. Lakini kwa anayetaka uhasibu, D moja inayokosekana ni deni litakalomfuata kila ofisi ya udahili.

Wote wawili wana divisheni ya nne. Mmoja hana haja ya kurisiti, mwingine hana namna ila kurisiti. Ndiyo maana naomba ukae na mstari wako wa masomo, uache divisheni pembeni.

Hesabu ya miaka

Watu wengi Kigoma wanaamini kwamba kurisiti ili uende kidato cha tano ndiyo njia fupi ya kufika chuo kikuu, na kwamba astashahada ni njia ya kuzunguka. Tuihesabu basi. Tuseme umemaliza kidato cha nne Novemba 2025 na matokeo ya Januari 2026 hayakukupa C tatu.

Ukirisiti, utafanya mtihani Novemba 2026, utapata matokeo Januari 2027, utaingia kidato cha tano Julai 2027, utafanya mtihani wa kidato cha sita Mei 2029, na utaanza shahada Oktoba 2029. Ukienda chuo, utaanza astashahada Oktoba 2026, utaimaliza katikati ya 2027, utasoma stashahada miaka miwili, utamaliza katikati ya 2029, na utaanza shahada Oktoba 2029. Mnakutana mlangoni mwezi mmoja. Tena vyuo kadhaa vya biashara hupokea wanafunzi mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba au Oktoba, kwa hiyo aliyepata matokeo Januari anaweza asisubiri hata hiyo Oktoba.

Tofauti iko kwenye unachobeba njiani. Aliyekwenda chuo, akikwama kifedha mwaka wa pili, ana astashahada anayoweza kuombea kazi dukani, ghalani, kwenye chama cha akiba na mikopo au kwa wakala wa forodha bandarini. Aliyerisiti akaenda kidato cha tano, akikwama katikati, anabaki na cheti kile kile cha kidato cha nne. Halafu kuna ada. Serikali ilifuta ada ya kidato cha tano na sita katika shule zake kuanzia mwaka wa masomo 2022/23, na hilo ni jambo kubwa kwa mzazi wa kwetu. Lakini nafasi hizo hupangwa kwa waliofanya mtihani kama wanafunzi wa shule. Wewe uliyerudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, mwenye namba inayoanza na P, panga bajeti yako ukihesabu shule binafsi. Usije ukarisiti kwa kutegemea barua ya kuchaguliwa.

Je, kuna anayefaa kurisiti kwa ajili ya kidato cha tano? Yupo. Ni yule mwenye C mbili na D mbili tatu zilizo karibu na mpaka, mwenye uhakika wa ada ya miaka miwili, na ambaye bado hajaamua kati ya biashara na mambo mengine kama sheria, uchumi au takwimu. Kidato cha sita kinaacha milango mingi wazi, na kwa mtu wa miaka 17 hiyo ni faida ya kweli. Mwenye C moja na F tatu simshauri. Kutoka D kwenda C ni kutoka alama 30 na kitu hadi 45, na atatakiwa kufanya hivyo katika masomo mawili kwa pamoja.

Hapo kuna jambo wengi hawaambiwi. Ulipokuwa shuleni, sehemu ya alama zako ilitokana na tathmini endelevu, yaani kazi na mitihani ya miaka ya nyuma. Mtahiniwa wa kujitegemea hana akiba hiyo. Alama yake yote inatoka kwenye karatasi za Novemba. Kama ulipata D ukiwa umebebwa na alama za shule, D ile ile itakudai jasho zaidi mwaka ujao.

Kidato cha sita: pointi nne

Kwa aliyemaliza kidato cha sita swali ni tofauti, na mara nyingi kurisiti kunampa faida zaidi. Vyuo vikuu, kwa kanuni za Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, vinadai ufaulu wa daraja la juu, yaani kuanzia E, katika masomo mawili, yenye jumla ya pointi zisizopungua 4.0. Kwa hesabu hiyo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. S ni nusu, wala haihesabiwi kuwa ufaulu wa daraja la juu.

Mchukue aliyesoma tahasusi ya ECA akapata Uchumi E, Biashara D, Uhasibu S. Kwa pointi za divisheni ana 15, ambayo ni divisheni ya tatu, na nyumbani wamechinja kuku. Kwa pointi za TCU ana 2 na 1, jumla 3. Hana sifa ya shahada. Kila mwaka wapo vijana wanaotuma maombi chuo baada ya chuo wakiwa na divisheni ya tatu ya namna hii, wanalipa ada za maombi, wanakosa, na hakuna aliyewaeleza kwa nini.

Huyu anakosa pointi moja. E ya Uchumi ikipanda kuwa D, amefika. E ni alama 40 hadi 49, D huanzia 50. Kama alikuwa na hali nzuri na anajua ni mada zipi zilimwangusha, kurisiti somo moja Mei inayofuata kunamweka kwenye shahada Oktoba ya mwaka huo. Njia yake ya pili ni stashahada. Ana zaidi ya ufaulu mmoja wa daraja la juu na S moja, sifa ya kawaida ya kuingia stashahada moja kwa moja, ambayo ni miaka miwili. Kurisiti kukifanikiwa kunamwokolea mwaka mmoja. Kusipofanikiwa, amepoteza mwaka na bado ataanza stashahada. Swali analopaswa kujiuliza ni moja: ana sababu gani ya kuamini kwamba Mei ijayo itakuwa tofauti na Mei iliyopita? Kama jibu ni kwamba aliugua, au mwalimu wa Uchumi alikuja muhula wa mwisho tu, hizo ni sababu zinazoweza kuondoka. Kama jibu ni kwamba safari hii ataomba sana, namwombea heri, na namshauri aende stashahada.

Mwenye pointi mbili au chini ya hapo asirisiti kwa ajili ya shahada ya biashara. Stashahada inamtosha. Akiimaliza kwa wastani wa 3.0 na kuendelea, anastahili kuomba shahada kama wenzake. Ipo pia programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, chenye kituo chake hapa mkoani, kwa waliofika kidato cha sita wakapungukiwa. Inamfaa hasa mwenye kazi au familia, asiyeweza kuhamia Dar es Salaam au Dodoma.

Hisabati

Nakaa hapa kidogo, maana ndipo wanabiashara wetu wengi wanapokwama. Katika matokeo ya miaka ya karibuni, karibu watahiniwa watatu kati ya wanne wa kidato cha nne nchini wamekuwa wakipata F ya Hisabati. Kwa astashahada F hiyo haikuzuii. Kwa stashahada mara nyingi haikuzuii. Lakini ukifungua mwongozo wa udahili wa TCU na kusoma sifa za shahada za uhasibu, fedha na uchumi katika vyuo mbalimbali, utakuta masharti yanayomtaka asiyekuwa na Hisabati ya kidato cha sita awe na D au hata C ya Hisabati ya kidato cha nne, na pengine Kiingereza pia. Mtu anasoma miaka mitatu ya uhasibu kwa bidii, anapata wastani mzuri, kisha F ya mwaka wa ujana wake inamrudia usoni.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye F ya Hisabati na ufaulu wa masomo manne mengine ni huu: nenda chuo, na risiti Hisabati peke yake ukiwa chuoni. Somo moja, karatasi moja, Novemba. Ukifanya masomo pungufu ya saba usitazamie divisheni ya kupendeza, wala huihitaji. Unatafuta D, ambayo ni alama 30. Alama 30 za Hisabati zinapatikana kwa kuzijua vizuri mada chache: namba na asilimia, takwimu, seti, milinganyo rahisi, na zaidi ya yote hesabu za biashara na utunzaji wa vitabu, ambazo darasani kwako chuoni utakuwa unazifanya kila wiki. Usipoteze usiku kucha kwenye mada usizozielewa tangu kidato cha tatu.

Kuchanganya chuo na mtihani wa Mei ni jambo jingine. Mei iko karibu na mwisho wa muhula wa pili, na nimeona waliojaribu wakishindwa kote kuwili. Novemba iko mwanzoni mwa mwaka wa chuo na inabebeka.

Fedha na ziwa

Ada ya mtihani kwa mtahiniwa wa kujitegemea imekuwa shilingi 50,000 kwa wanaojisajili kwa wakati, na 65,000 kwa wanaochelewa. Ukiilinganisha na ada ya chuo ya mwaka mmoja, kurisiti kunaonekana bei rahisi. Usidanganyike na hilo. Ongeza tuisheni, vitabu, na kwa mtu wa mwambao wa ziwa ongeza nauli ya boti na chumba cha kupanga. Kijana wa Kagunga au Mwamgongo anapanda boti mpaka Kibirizi, wa Sigunga, Buhingu na Kalya ana safari ndefu zaidi kutoka kusini. Novemba ni mwezi wa mvua, na upepo ukichafuka boti haiondoki. Anayetoka mbali awe mjini wiki nzima kabla ya karatasi ya kwanza, na hiyo wiki nayo ina chakula chake.

Halafu tazama kalenda ya ziwa. Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia zilikubaliana kupumzisha Ziwa Tanganyika, na mwaka 2024 upande wetu uvuvi ukafungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Ziwa likifungwa miezi hiyo, mwalo wa Katonga na Kibirizi unakauka fedha. Ndiyo miezi ambayo matokeo ya kidato cha sita hutoka, maombi ya vyuo hufunguliwa, na usajili wa kurisiti kidato cha sita huanza. Familia inayoishi kwa dagaa na migebuka isisubiri Julai ndipo ianze kutafuta ada. Kama kuna mtahiniwa nyumbani, fedha ya maombi na ya usajili itengwe kufikia Aprili, mauzo yakiwepo.

Kuwa na chuo karibu kunabadilisha hesabu yote. Taasisi ya Uhasibu Tanzania, TIA, ina kampasi hapa Kigoma, kwa hiyo kijana wa Mwanga au Ujiji anaweza kusomea biashara akilala kwao na kula kwao. Kwa chuo kingine chochote, hasa kinachotangazwa kwa spika mitaani, hakikisha kwanza kimesajiliwa na NACTVET na kozi yenyewe imo kwenye mwongozo wa udahili wa mwaka huo. Kozi isiyotambulika haitakupa namba ya uthibitisho wa tuzo utakayodaiwa unapoomba shahada.

Kwa wanaotegemea mkopo wa elimu ya juu, jueni kwamba Bodi ya Mikopo katika miaka ya karibuni imemtaka mwombaji awe amehitimu kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano iliyopita. Anayerisiti mara tatu nne huku miaka inakwenda anaweza kupata pointi akakosa mkopo.

Ukiamua kurisiti

Ukishaamua, fanya kama mtu aliyeamua. Usajili wa kidato cha nne kwa watahiniwa wa kujitegemea umekuwa Januari na Februari kwa ada ya kawaida, Machi kwa faini. Wa kidato cha sita, Julai hadi Septemba, Oktoba kwa faini. Maana yake, matokeo ya kidato cha nne yakitoka mwishoni mwa Januari una kama mwezi mmoja wa kufikiri, siyo zaidi. Nenda kwenye shule iliyo kituo cha watahiniwa wa kujitegemea, upewe maelekezo ya kujaza fomu mtandaoni na namba ya malipo. Lipa mwenyewe na utunze stakabadhi. Usimpe mtu fedha taslimu "akusaidie kujaza", kila mwaka kuna wanaofika Novemba wakakuta hawamo kwenye orodha.

Majina yako yaandike herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye mtihani wa kwanza. Kwetu mtu huitwa jina la Kiha nyumbani, la dini shuleni, na la babu kwenye kadi ya kliniki. Chagua yaliyoko kwenye matokeo ya kwanza na usiyaguse. Cheti cha kuzaliwa na namba ya NIDA zianze kufuatiliwa mwaka huo huo unaorisiti, kwa sababu mikoa ya mpakani uhakiki huchukua muda na chuo hakitakusubiri.

Kabla ya kulipa, piga hatua mpaka ofisi ya udahili ya chuo unachokitaka uulize kama wanapokea matokeo ya mikao miwili kwa kozi yako. Uliza ukiwa na namba zako zote mbili kichwani, na uombe wakuonyeshe kwenye mwongozo.

Kusoma ukiwa nyumbani ni kazi ngumu kuliko mtihani wenyewe. Anayeishi na wavuvi anajua: usiku wa giza mitumbwi iko ziwani na taa zake, alfajiri dagaa wanashushwa, mchana kutwa wanageuzwa juani, na mikono yote ya nyumba inahitajika. Mbalamwezi ikiwa kubwa uvuvi unalala na kazi inapungua. Panga ratiba yako kwa mwezi huo wa angani, uweke mada nzito kwenye siku za mbalamwezi na marudio mepesi kwenye siku za giza. Ni ratiba unayoweza kuishika, tofauti na zile za kunakili zinazosema saa kumi alfajiri kila siku. Maktaba ya mkoa ipo, itumie. Na katika tovuti ya NECTA kuna taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, bure kabisa, zinazoonyesha swali kwa swali watu walikosea wapi. Kwa anayerisiti hakuna kitabu kinachozifikia. Mtaala mpya nao unaingia sekondari hatua kwa hatua, kwa hiyo hakikisha muhtasari unaousoma ndio unaotahiniwa mwaka wako.

Wasichana waliotoka shule kwa ujauzito wanastahili neno lao. Tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu warudi darasani, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima inaendesha njia mbadala ya sekondari kwa wasiotaka kurudi shule ya zamani. Dada aliyeko Ujiji na mtoto mgongoni anaweza kufanya mtihani wa kidato cha nne na kwenda kusomea biashara. Anachohitaji zaidi ni mtu wa kushika mtoto saa mbili kwa siku, na hilo ni jukumu la nyumba nzima.

Kuna njia moja ambayo sitaiita njia. Utaambiwa kuna mtu anaweza "kurekebisha" matokeo, au utumie cheti cha dada yako aliyeolewa. Aprili 2017 watumishi 9,932 walitangazwa kuwa na vyeti vya kughushi na wakaondolewa kazini, wengine wakiwa wamebakiza miaka michache wastaafu.

Mwisho nasema na mzazi. Usimlazimishe mtoto kurisiti kwa sababu ya majirani, na usimpeleke chuo kwa sababu umechoka kumwona nyumbani. Kaeni naye mkiwa na ile karatasi ya matokeo, mwongozo wa udahili na hesabu ya fedha, mtaje kwa jina somo linalomzuia. Kama hakuna somo mnaloweza kulitaja, mpelekeni chuo. Kama lipo, mlipieni usajili kabla Februari haijaisha, au Septemba kwa wa kidato cha sita.